Mwalimu wa Kujitolea Anamshikia Nani Nafasi?

Kila msimu wa mahafali unapokwisha, wahitimu wa ualimu hupewa ushauri uleule: msikae nyumbani, nendeni shule iliyo jirani, jitoleeni, mpate uzoefu, ajira itakuja. Ushauri huu hutolewa na wazazi, maofisa elimu, wabunge na baadhi ya wahadhiri wenzangu. Una sauti ya hekima, na wanaoutoa wengi wao wana nia njema. Hata hivyo, nakusudia kuonyesha kwamba jinsi unavyotekelezwa nchini Tanzania leo, kujitolea kumegeuka kuwa utaratibu wa kuziba pengo la watumishi kwa jasho la watu wasiolipwa, na kwamba anayeumia mwishoni si mhitimu peke yake, bali pia mtoto aliyeketi darasani.

Tuanze na jina, kwa sababu katika jambo hili jina ndilo linaloficha tatizo. Katika mfumo wa shule uliopangwa vizuri, mwalimu mbadala ni mtu anayemshikia mwenzake nafasi. Mwalimu ameugua, amejifungua au amekwenda masomoni; mwingine anaitwa, anafundisha kwa muda unaojulikana, analipwa kwa muda huo, na mwenye nafasi akirejea yeye anaondoka. Hitaji la mtu wa namna hiyo lipo hapa kwetu pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni majuma 12, zaidi ya nusu ya muhula wa masomo. Nani hufundisha darasa lake katika majuma hayo? Kila aliyewahi kufanya kazi shuleni anajua jibu: vipindi vyake hugawanywa kwa wenzake waliokwisha kulemewa, na visivyogawanyika hupotea.

Hapo palikuwa mahali halali pa mwalimu mbadala. Lakini huyu tunayemwita mwalimu wa kujitolea hamshikii nafasi mama aliye likizo. Amekalia kiti ambacho hakijawahi kuwa na mwenyewe. Ukimuuliza mwenye nafasi atarejea lini, hana la kukujibu, kwa kuwa hakuna aliyeondoka. Nafasi ni tupu tangu mwanzo, serikali inajua kuwa ni tupu, na imeridhika kwamba mtu fulani amejitokeza kuikalia bure.

Kazi yangu hunipeleka shuleni kila mwaka kukagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo. Katika shule moja ya kata, Kanda ya Ziwa, nilimkuta kijana mwenye shahada ya ualimu wa Hisabati na Fizikia akifundisha kidato cha kwanza hadi cha nne, vipindi 28 kwa juma. Ndiye aliyetunga mitihani ya ndani, ndiye aliyesahihisha, ndiye aliyekuwa zamu ya usiku wakati wa kambi ya kidato cha nne. Alikuwa katika mwaka wake wa tatu wa kujitolea. Katika ratiba ya shule jina lake lilikuwapo kila siku. Katika ikama halikuwapo kabisa. Na mwanachuo wangu, aliyepelekwa pale ajifunze kazi chini ya mwalimu mzoefu, alikabidhiwa kwa huyohuyo. Yaani dola ilimtuma mwanafunzi wake akafundwe ualimu na mtu ambaye dola yenyewe haimtambui kuwa mwalimu.

Wako watakaosema kwamba nchi imekuwa ikiziba mapengo ya walimu tangu zamani, na kwamba hili si geni. Ni kweli, na historia hiyo ndiyo inayotuhukumu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, taifa lilikuwa maskini na walimu hawakutosha. Likawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, likawafunza huku wakifundisha, nao ndio walioitwa walimu wa UPE. Miaka thelathini baadaye, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004 na shule za kata zikachipuka kila mahali, historia ilijirudia: wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache na leseni ya kufundisha, na wananchi kwa kejeli wakawabatiza jina la Voda Fasta. Tunaweza kubishana usiku kucha kuhusu ubora wa mipango hiyo miwili. Jambo moja halibishaniki: serikali iliwatambua watu wale kuwa ni walimu wake, ikawapangia vituo na ikawalipa.

Sasa tazama kinyume chake. Nyakati zile tulikosa watu waliosomea kazi, tukawalipa wasioisomea. Leo tunao walioisomea kwa miaka miwili, mitatu au zaidi, wenye vyeti, stashahada na shahada, na hao ndio tunaowaambia wafanye kazi bila ujira. Mwanzoni mwa mwaka 2025, waombaji zaidi ya 200,000 waliitwa kwenye usaili wa kugombea nafasi za ualimu zisizofika 15,000. Hiyo ni wastani wa watu zaidi ya 13 kwa nafasi moja. Katika kundi lile walikuwamo waliojitolea miaka mitatu na wasiowahi kushika chaki tangu siku ya mahafali, wote wakikabili swali lilelile kwenye karatasi ileile. Uzoefu ulioahidiwa kuwa mtaji ulipimwa kama hewa. Ndiyo maana sikushangaa vijana walipojikusanya wakati huohuo chini ya umoja wao wa walimu wasio na ajira, NETO, na kuupinga usaili wenyewe. Unaweza kutokubaliana na dai lao. Huwezi kusema hawakuwa na sababu.

Wengi wa vijana hao wanadaiwa. Walisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na siku watakapopata mshahara, asilimia 15 ya mshahara huo itakatwa kila mwezi kulipa deni. Serikali inayokumbuka kwa makini kwamba kijana huyu ni mdaiwa wake inapaswa kukumbuka pia kwamba kwa miaka mitatu yeye naye alikuwa akiidai serikali, na deni lake halikuandikwa popote.

Hoja ya kwanza ya utetezi ni fedha. Bajeti haitoshi, tunaambiwa, na mishahara tayari inameza sehemu kubwa ya mapato. Siidharau hoja hiyo. Lakini kukosa fedha hakufanyi kazi ifanyike bila gharama. Kunabadilisha tu anayeibeba gharama. Tuifanye hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 600, ikipata ruzuku hiyo yote bila pungufu ya senti, itapokea shilingi 6,000,000 kwa mwaka, sawa na shilingi 500,000 kwa mwezi. Kiasi hicho ndicho kima cha chini cha mshahara wa mtumishi mmoja wa umma tangu Julai 2025. Kwa maneno mengine, mwalimu mkuu akiamua asinunue hata kipande kimoja cha chaki, asichapishe mtihani, asitengeneze dawati, fedha zote za kuendesha shule zitatosha kumlipa mtu mmoja wa ngazi ya chini kabisa. Kwa uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, shule hiyo inahitaji walimu wasiopungua 13.

Basi mwalimu mkuu hufanya nini? Huwageukia wazazi. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, lakini mchango wa mwalimu wa kujitolea umeingia kwa mlango wa nyuma, ukiwa na jina la makubaliano ya kikao cha wazazi. Mjini, wazazi wenye kipato huchanga na mwalimu hupata angalau nauli. Kijijini, ambako ndiko pengo la walimu lilikopea, mchango ni debe la mahindi wakati wa mavuno na maneno matamu wakati wa njaa. Hivyo mfumo huu unaojiita wa dharura una tabia ya pekee: unamhudumia vizuri zaidi aliye na uwezo, na unamwacha aliyeuhitaji.

Hoja ya pili ni uzalendo. Kujitolea, tunaambiwa, ni mila yetu. Wazee wetu walijenga shule na barabara kwa msaragambo. Naam, walijenga. Lakini msaragambo ulikuwa na kanuni zake. Walikwenda wote, mwenye ng'ombe na asiye na ng'ombe. Kazi ilikuwa na mwisho unaoonekana. Watu walikula pamoja, kisha kila mmoja akarudi kwenye shamba lake. Hakuna kijiji kilichowahi kumteua kijana mmoja asiye na shamba, kikamwambia ajenge peke yake miaka mitatu huku wengine wamekaa kivulini wakimsifu. Anayehubiri kujitolea ilhali mshahara wake unaingia kila tarehe iliyopangwa na posho ya kikao juu yake, asilitumie jina la wazee. Msemo unaomfaa upo tayari: punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Tena hiari haiwi hiari pale ambapo anayekataa hana pengine pa kwenda. Ibara ya 23 ya Katiba yetu inasema kwamba kila anayefanya kazi anastahili malipo ya haki. Haikusema kila aliye na barua ya ajira; imesema anayefanya kazi. Kijana wa vipindi 28 kwa juma anafanya kazi. Kumwita mfanyakazi jina jingine hakuwezi kuwa njia ya kuikwepa Katiba.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami sitaki kuipita kwa haraka: bora mwalimu wa kujitolea kuliko darasa lisilo na mwalimu. Kwa mtoto aliyeketi darasani Jumatatu asubuhi, hoja hii ni kweli tupu, na ndiyo maana walimu wakuu, ambao siwalaumu, hupokea yeyote anayebisha hodi. Lakini mtoto haishi Jumatatu moja. Mwalimu asiye na mkataba hana sababu ya kubaki akipata kibarua, bodaboda au shule binafsi inayolipa. Huondoka katikati ya muhula bila taarifa, na hana kosa. Mtoto hujikuta amefundishwa Hisabati na watu watatu kwa mwaka mmoja, kila mmoja akianzia mahali pake, kisha tunakaa kujiuliza kwa nini somo hilo linaangusha watahiniwa mwaka baada ya mwaka.

Zaidi ya hayo, mwalimu aliyeajiriwa anawajibika kwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Akikosea kuna anayemwita, akionewa kuna anakokata rufaa. Wa kujitolea hana Tume. Akimdhuru mtoto, hakuna rejista ya utumishi ya kumfuta, naye anaweza kuhamia shule ya kata ya pili juma lijalo. Akiangukiwa na ukuta wa darasa, hayumo katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maana hana mwajiri. Na kwa kuwa malipo yake ya pekee ni barua ya utambulisho ambayo mkuu wa shule ataiandika au hataiandika, amewekwa chini ya hisani ya mtu mmoja. Sihitaji kuwaeleza wasomaji wangu wa kike mamlaka ya namna hiyo, mikononi mwa mtu asiye na staha, yanaweza kumfanyia nini binti wa miaka 24 aliye mbali na kwao.

Lipo na dhara la nne ambalo halizungumzwi. Pengo lililozibwa halipigi kelele. Darasa likikosa mwalimu kwa muhula mzima, wazazi huenda kwa diwani, diwani huenda kwa mkurugenzi, na swali hufika bungeni. Likiwa na kijana wa kujitolea, kila mtu hulala. Takwimu huonekana kuvumilika, na wizara husika haisukumwi kuomba kibali cha ajira kwa nguvu inayostahili. Kijana amekuwa kitambaa safi juu ya donda, na kadiri anavyofanya kazi yake kwa bidii ndivyo anavyoichelewesha ajira yake mwenyewe.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha kwamba jambo hili linaweza kufikishwa mbele ya sheria. Tume ya Huduma za Walimu ya huko iliwachukua maelfu ya wahitimu kuwa wanagenzi katika sekondari za chini, kwa Sh20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato, kwa kazi ileile ya walimu kamili. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamua kwamba Tume haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Yakafuata maandamano na mivutano, na Januari 2025 wanagenzi wapatao 46,000 wakathibitishwa kwa masharti ya kudumu. Kenya haijafika peponi. Imeendelea kuchukua wanagenzi wapya. Lakini tazama tulipo sisi: wanachokikataa wao kwa kuwa ni ujira mdogo, kwetu kingekuwa maendeleo, kwa kuwa sisi hatujafika hata kwenye ujira.

Na muda hautusubiri. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi, na elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Katika kipindi cha mpito, wanafunzi wa darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 mikondo miwili itabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Madarasa tunayajenga, na picha zake tunaziona. Nauliza nani atasimama mbele ya ubao. Kama jibu ni vijana wa kujitolea, tuseme hivyo hadharani kabla watoto hawajafika.

Mapendekezo yangu ni haya. Kwanza, asiwepo mtu anayefundisha katika shule ya umma bila mkataba wa maandishi kati yake na halmashauri, wenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na idadi ya vipindi. Pili, alipwe na Hazina au halmashauri kwa sehemu ya mshahara wa kuanzia wa ngazi yake, inayolingana na vipindi vyake. Mfuko wa mzazi usiguswe. Tatu, kila muhula aliofundisha na kukaguliwa uhesabiwe kwa alama zinazojulikana mapema wakati wa usaili. Nne, kila halmashauri iwe na orodha ya walimu mbadala wa kweli, kwa ajili ya likizo za uzazi, ugonjwa na masomo, ili neno mbadala lirudi kwenye maana yake. Tano, nafasi yoyote iliyoshikiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja ihesabike kuwa nafasi wazi ya kudumu, na iombewe kibali. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji tuwe matajiri. Yanahitaji tuache kudanganyana katika ikama.

Kwa mhitimu anayesoma makala hii huku amekwisha kuamua kwenda, kwa kuwa njaa haisubiri sera: nenda, lakini nenda na karatasi. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule na ofisa elimu kata, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Omba jibu la maandishi linalotaja masomo na vipindi vyako. Tunza azimio la kazi, maandalio ya masomo na kila ripoti ya mkaguzi. Omba barua ya uthibitisho kila mwisho wa muhula, usingoje siku ya kuondoka. Usikubali kukusanya michango ya wazazi, hata ile inayokuhusu. Jiwekee ukomo, na ukomo huo ukifika, ondoka bila kuona haya. Andikeni pia majina yenu pamoja, shule kwa shule, wilaya kwa wilaya, mjue mko wangapi. Kundi lisilohesabiwa halilipwi.

Na kwenu watumishi wa umma mnaosoma haya ofisini, mnaoandaa taarifa za robo mwaka na majedwali ya mahitaji ya watumishi: katika jedwali lijalo ongezeni safu moja. Iiteni walimu wasiolipwa. Andikeni humo idadi yao, masomo yao na miaka waliyokaa, kisha mlipeleke juu kama mnavyopeleka mengine. Atakayelipokea ataweza kusema hana fedha. Hataweza tena kusema hakujua.